Gego Lililopima Mlima

Dakika ya thelathini na nane tangu waruke, mawingu yaliziba mbele, na Kapteni alipogeuza shingo kutazama walikotoka, huko nako kulikuwa kumeshazibwa. Ndege ndogo ya injini moja ikaingia kwenye weupe mtupu. Mabawa yakapotea machoni, mvua ikaanza kuchapa kioo, na mshale wa kipimo cha kimo ukabaki palepale ulipokuwa tangu asubuhi: futi elfu nne.

Mshale huo ulikuwa umekwama, na Kapteni alilijua hilo kabla hajawasha injini. Fundi alimwambia mapema, "Niachie ndege mpaka kesho nikifungue hicho kipimo." Kapteni akatazama juu, akaona mbingu safi, akajibu kwamba milima ataiona kwa macho, yeye si kipofu. Abiria wake alikuwa mmoja tu: daktari wa meno, dada mkubwa wa mke wake, ambaye kila Jumanne alimvusha kwenda zahanati za ng'ambo ya milima pamoja na masanduku yake sita. Miaka hiyo simu ilikuwa bado ni kitu cha kukaa mezani na waya wake, na redio ya ndege, ukishaingia katikati ya milima, ilikoroma tu.

Mbele yao kulikuwa na mgongo wa mlima wa futi elfu tisa na mia tano. Wao wenyewe walikuwa futi ngapi, hakuna aliyejua.

"Shemeji," daktari alisema, "mbona huo mshale hausogei?"

"Umekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu chini."

"Na ulijua?"

 Kapteni alikuwa ameinua pua ya ndege na kusukuma mafuta mpaka mwisho, lakini hewa ya milimani ina hila zake: inaweza kukushindilia chini huku pua yako inatazama juu. Ndipo gego lake la chini, upande wa kushoto, lilipoanza kunong'ona.

"Elfu saba," akasema.

"Umejuaje?"

"Jino."

Ilibidi aseme, na alisema kwa mkato, bila kumtazama. Ni wiki sita sasa. Akiwa ardhini jino halina neno. Akipanda juu, linaanza. Elfu saba linanong'ona, elfu nane linapwita, elfu tisa ni msumari. Likifika elfu kumi, jicho la kushoto linatoa machozi lenyewe, atake asitake. Wakati mshale ulipokuwa mzima alililinganisha jino na mshale, safari baada ya safari, na halijawahi kukosea.

Daktari alimgeukia mzimamzima. Hewa imenasa chini ya simenti ya zamani iliyoziba jino, alimwambia. Huku juu inavimba, haina pa kutokea, inakandamiza mshipa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hivyo. "Jumanne sita! Nimekaa hapa Jumanne sita, mkono wangu huu kando ya shavu lako hilo, na wewe unanichekea midomo imefungwa!"

"Ungeandika barua ofisini. Wangenisimamisha."

"Ningeandika, ndiyo!"

"Basi."

Hapo ndipo Kapteni alipokuwa amefika. Alikuwa rubani kwa miaka ishirini na sita na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Rafiki yake mmoja alisimamishwa kwa sababu ya sikio bovu, na sasa anafungua geti la uwanja uleule aliokuwa akirukia. Kapteni alikuwa akimsalimia kila asubuhi bila kumtazama usoni.

Jino likaanza kupwita. Daktari alishafungua mkoba, akatoa sindano ya ganzi, akaitikisa mbele ya mwanga. "Dakika mbili tu, hutasikia kitu. Fungua mdomo."

Aliitamani sindano ile mpaka mate yakamjaa. Wiki sita alikuwa halali vizuri, anatafuna upande mmoja, na amechoka hata kukasirika. Akatikisa kichwa.

"Ukilinyamazisha hili, hatuna kipimo kingine."

Daktari akaifunika sindano.

Dakika nne zikapita na jino halikupanda daraja. Ndege ilikuwa nzito, inatetemeka, haipandi.

"Unalia?" daktari akauliza.

"Bado."

"Masanduku yana uzito gani?"

"Unajua mwenyewe."

Daktari alijifunga mkanda wa mizigo kiunoni, akatambaa hadi nyuma, akaufungua mlango wa pembeni. Upepo ulimpiga akapiga magoti. Sanduku la kwanza likaenda, la pili likaenda. Kikafuata kiti cha kukunja cha wagonjwa, alichokiandikia barua miaka miwili mpaka akakipata. Alikisukuma kwa miguu yote miwili huku akikitukana.

"Unalia?"

"Msumari umeingia. Bado!"

Vikaenda vyombo vya kung'olea, na dawa, na mwishowe hata mkoba wenye sindano. Akarudi kwa kutambaa, akamshika Kapteni kidevu na kumkazia jicho la kushoto. "Lia, shemeji. Tafadhali, lia." Kapteni alikuwa ameng'ata kola ya shati. Maumivu yalikuwa yameshuka shingoni na kupanda sikioni, na mikono yake ilikuwa ikishika usukani bila yeye kuihisi. Chozi likatoka, moja, likateremka hadi kwenye kidole cha daktari.

"Elfu kumi," akasema daktari.

Hazikupita dakika mbili, kitu kikapasuka ndani ya mdomo wa Kapteni. Alikisikia kwa mfupa. Kisha maumivu yote yakaisha mara moja, na ukimya ule ulimtisha kuliko mlima.

"Limenyamaza."

"Tumeshuka?"

"Sijui!"

"Tema."

Akatema kiganjani mwa daktari. Kulikuwa na damu, kipande cha gego, na simenti ya zamani imeng'oka nzima. Jino lilikuwa limejipasua lenyewe, na hewa imetoka. Hakuna tena ambacho kingewaambia wako juu au wako chini.

"Mgongo wa mlima una upana gani?" daktari akauliza.

"Dakika kumi na moja."

Alitazama saa yake ya mkononi na kuanza kuhesabu dakika kwa sauti, moja moja. Kapteni alifuata dira na kuinua pua, basi. Kwenye dakika ya tano, weupe ulifunguka kidogo chini yao wakaona mawe meusi yenye maji yakipita, karibu mno, kisha ukafunga.  Ya tisa. Ya kumi. Kwenye dakika ya kumi na mbili mawingu yalikatika, na chini kulikuwa na uwanda mkavu wenye rangi ya majani makuukuu, hadi mwisho wa macho.

Mafuta hayakutosha kufika popote. Aliitua ndege kwenye majani, ikaenda vizuri kwa kitambo, kisha gurudumu la mbele likaingia shimoni na kuvunjika. Kapteni alipasuka paji la uso. Daktari alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, akaelekeza mwenyewe jinsi ya kukifunga, na Kapteni akamfunga kwa mkanda wa kiti.

"Maji?"

"Lita tatu."

"Watatutafuta?"

"Upande ule mwingine wa mlima. Kusini kuna barabara inajengwa. Siku mbili kwa miguu."

Walitembea asubuhi na jioni, na jua likiwa kali walilala chini ya koti la Kapteni. Maji walipima kwa kifuniko cha dumu, vifuniko vitatu kila mmoja. Siku ya pili shavu la Kapteni lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba, na daktari alilitazama mara nyingi, mikono mitupu, vyombo vyake vyote vikiwa mlimani.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Kwa nini hukumwachia fundi ndege? Ni siku moja tu."

Kapteni alijibu bila kusimama. "Daktari wa kampuni alikuwa anafika siku hiyo, saa mbili asubuhi. Anapima marubani."

Daktari alisimama. Kisha akaanza kutembea mbele yake, haraka, na kwa saa nzima hakugeuka nyuma wala hakumpa kifuniko chake cha maji mpaka alipokiomba.

Kambi ya barabara waliiona jioni kwa vumbi la magreda. Msimamizi aliwapa maji, akawakatalia wasinywe yote mara moja, na kumuita mkuu wa marubani kwenye redio. Mkuu alishukuru Mungu, kisha akauliza chanzo cha ajali, maana alikuwa na kalamu mkononi.

Daktari aliufunika mkono wa Kapteni wenye kipaza sauti. "Sema mshale ulikwama," alinong'ona. "Si uongo. Mimi nitanyamaza, kwa ajili ya mdogo wangu."

Kapteni alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo mdogo aliuona mzigo. Akabonyeza kitufe. Maneno yalitoka yamepinda kwa uvimbe, akayarudia ili yaandikwe sawasawa.

"Mshale ulikwama tangu chini, na nilijua. Nina jino bovu wiki ya sita. Niliruka ili nisipimwe. Nusura nimuue shemeji yangu. Andika hivyo."

Redio ilikoroma. "Kapteni, unajua nikiandika hivyo..."

"Andika."

 "Nimeandika," mkuu akasema.

Kapteni alikirudisha kipaza sauti, akatoka nje, akakaa chini kwenye vumbi akiegemea gurudumu la greda. Alijua hataruka tena. Kilichomshangaza ni usingizi, usingizi mzito wa mtoto, uliokuwa ukimjia palepale. Daktari akaja akakaa kando yake na mkono wake uliofungwa, akamsogezea bega.

"Lala," alimwambia. "Gari likifika nitakuamsha."