Ubavu wa Kushoto wa Buick

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Machi, Orville Haske aliinua kifuniko cha kioo kilichofunika gari lake la mfano, Buick, kisha akaduwaa. Waliokuwa karibu walidhani anajidai tu, maana alikuwa ametwaa kombe la foili miaka sita mfululizo. Halafu nao wakaona.

Buick ile ya mwaka 58, ndogo ya kukaa kiganjani, ilikuwa imevuliwa nguo. Ubavu wa kulia uling'aa kama ulivyotakiwa, kwa foili, karatasi nyembamba ya metali, iliyokatwa kwa wembe na kulazwa juu ya rangi ya kijani mpaka ukadhani ni kromu ya kweli. Ubavu wa kushoto ulikuwa rangi tupu. Tepe za mlangoni na fremu za madirisha, zote hazikuwepo.

"Asiondoke mtu," alisema Bernadine Wojtas. Alikuwa katibu wa klabu, na kabla ya kustaafu alikuwa akifichua madai ya uongo kwenye kampuni ya bima. Tuseme ukweli, kazi ile alikuwa bado na hamu nayo.

Klabu ya vigari vya mfano ya Owosso, Michigan, ina sheria mbili zisizo na mjadala. Hugusi gari la mwenzako; ukiligusa, unafukuzwa. Na gari likiharibika kabla waamuzi hawajapita, aliyelitengeneza hulirekebisha palepale ukumbini, kwa mkono wake, mbele ya macho ya watu, mwisho saa sita mchana.

"Muda unao, Orville," Bernadine alimwambia. "Kaa ubandike."

"Naliondoa mashindanoni." Mikono ya Orville ilikuwa mfukoni.

"Uliondoe? Wewe mfalme wa foili?"

"Nimesema naliondoa. Wewe mtafute aliyefanya hivi."

Bernadine aliinama akanusa. Petroli ya kujazia viberiti. Ndiyo wanayotumia mafundi kufutia gundi ya foili, lakini mle ukumbini mtu wa kutembea na kiberiti cha petroli mfukoni alikuwa mmoja: Duane Sikkema, mshindi wa pili wa miaka yote sita. Bernadine alijiona amemaliza kazi.

"Duane, saa mbili na nusu watu walipokwenda kula pankeki, ulikuwa wapi?"

"Nje. Navuta sigara."

"Na nani?"

"Na baridi."

Wachache walicheka. "Toa vitu mfukoni," Bernadine alisema.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapahapa."

Duane alivipanga mezani: kiberiti, funguo, leso, na kipande cha soseji alichomfungia mbwa wake kwenye karatasi. Foili haikuwepo hata chembe. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni.

"Meza hizi mimi ndiye nawabebea kila mwaka," alisema. "Leo ndiyo nimekuwa mwizi?"

Mtu mmoja nyuma akapendekeza kura ya kumfukuza ipigwe kabla ya chakula cha mchana, na mikono kadhaa ikainuka kukubali.

Bernadine alirudi kwenye Buick kutafuta ushahidi wa kummaliza. Aliwasha tochi, akaumulika ubavu ule mtupu mara mbili. Mkwaruzo hakuuona. Kwa ruhusa ya Orville aligusa kwa ncha ya kidole, hapanati. Mwenye wivu angekwangua kwa wembe akaenda zake. Huyu alibandua taratibu, kisha akafuta gundi yote. Mharibifu gani anafanya usafi?

Alipokuwa akirudisha kifuniko, ukucha wake ulinasa ukavunjika.

"Lete hapa, mama," alisema Maxine, mke wa Orville, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe. Alikuwa ameendesha saluni ya kucha nusu ya maisha yake. Alichomoa kijiti cha kusukumia ngozi ya kucha kwenye mfuko wa aproni, akaurekebisha ukucha ule kabla Bernadine hajasema asante. Ncha ya kijiti ilikuwa imepakaa rangi ya fedha.

Bernadine aliitazama ncha ile. Kisha akamtazama Orville, aliyekuwa akinywa kahawa mlangoni mwa jikoni. Kikombe amekishika kwa mikono miwili, na ndani kahawa ni nusu tu.

Aliwafuata jikoni wote wawili, akafunga mlango.

"Aliyebandua foili aliionea huruma rangi," alisema. "Na ana mkono mtulivu. Kwa hiyo si Duane, na samahani Orville, wewe huwezi. Mikono imeanza lini kutetemeka?"

Orville aliweka kikombe chini, kikagongagonga kabla ya kutulia. "Miaka miwili sasa. Rangi bado napuliza mwenyewe. Foili anaweka Maxine."

Maxine alitoa mfukoni kidonge cha foili iliyofinyangwa, kidogo kama njegere, akakiweka mezani.

"Nimechukua cha kwangu," alisema. "Rangi ni yake, sikuidhuru. Petroli ilikuwa kwenye kisanduku chetu cha vifaa. Ningebandua na upande wa pili, nikasikia viti vinasogezwa."

"Kwa nini, Maxine?"

"Njiani tunakuja aliniahidi: 'Leo nawaambia.' Tumefika, watu wamemzunguka: 'Orville, mkono huo uliupata wapi?' Akasema, 'Mazoezi tu.' Mimi nimesimama ubavuni kwake na kahawa yake, Bernadine. Nusu kikombe, asije akamwaga."

"Niliona haya," Orville alisema kwa sauti ndogo.

"Na Duane huko ukumbini wanataka kumfukuza," Bernadine alisema.

Maxine aliinamisha kichwa. "Nilisikia ukimkagua. Nikaendelea kuosha sahani. Mwenzangu aliniaibisha kwa maneno mawili, na mimi nikamwacha mtu asiye na kosa avuliwe kabisa."

Orville angeweza kunyamaza. Ukumbini hakuna aliyemshuku, na Duane hakuwa na wa kumtetea. Lakini alitoka, akaenda mpaka meza ya katikati, akatoa mikono mfukoni na kuinyoosha mbele kila mtu aione inavyotetemeka.

"Makombe mawili ya mwisho ni ya Maxine," alisema. "Foili hii pia ni yake, ameibandua mwenyewe. Mwacheni Duane."

Maxine alikaa mbele ya Buick, akafungua foili mpya na wembe mpya. Aliyeitengeneza ndiye anarekebisha. Sheria iko wazi. Orville alisimama nyuma ya kiti chake, na mikono hakuirudisha mfukoni.

Bernadine alimfuata Duane kwenye kona ya makoti, alikokuwa akivaa kofia.

"Duane, nimekukosea," alinong'ona. "Nisamehe."

"Kunikagua ulinikagua kwa sauti," Duane alisema. "Sasa mbona unanong'ona?"

Miaka yote ya kuhoji watu, Bernadine hakuwahi kujua kusimama upande wa anayehojiwa kunavyokuwa. Aligeuka, akarudi kwenye meza ambayo kiberiti na soseji vilikuwa bado vimepangwa, akakohoa, na kuwaomba watu wamsikilize.