Pale Uzi Ulipoishia

Vumbi liliwakuta saa nne asubuhi. Lilisimama mbele ya pikapu kama ukuta wa kahawia, na kabla fundi wa pampu hajamaliza kusema "hili litapita tu," barabara ilikuwa imeshamezwa. Akakata usukani kulia kulikimbia. Pikapu iliruka tuta la kando ya barabara, ikateleza, ikaenda kipofu kipofu kwa muda ambao hakuna aliyeupima, mpaka tairi la mbele likatumbukia korongoni na kitu kikakatika chini ya gari.

Vumbi lilipotulia, hapakuwa na barabara wala alama ya tairi. Palikuwa na uwanda wa changarawe, vichaka vikavu vya kimo cha goti, na jua. Simu hazikushika mtandao.

Mkewe, mshonaji, alimpapasa mtoto kwanza. Kibonge, wa miezi minane, alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, lakini alicheka. Nyuma, mama mkwe wake, mama wa fundi, alikuwa akitafuta kandambili yake huku akisoma shahada. Aliyeumia ni fundi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimegeuka, kinavimba huku wanakitazama.

Mshonaji alitoa mkasi wake, akachana kitambaa cha bitana, akamfunga kwa kubana. "Maji tunayo kiasi gani?"

Fundi alitazama nyuma ya gari. Dumu la lita ishirini lilikuwa limebaki nyumbani, kando ya mlango. Alilishusha mwenyewe alfajiri ili boksi la pampu lipate nafasi. Walikuwa wanakwenda kwenye kijiji cha dada wa mama yake, yeye kutengeneza kisima, mkewe kushona sare za shule.

"Nilijiambia naenda kisimani," alisema. "Fundi wa maji abebe maji?"

Zilikuwapo chupa moja na nusu.

"Na ya rejeta?"

"Yana dawa, mke wangu. Hayo usimguse mtoto nayo hata mdomo."

Walitandaza turubai toka mlangoni mpaka ardhini, wakajibanza kivulini. Maji wakayapima kwa kifuniko cha chupa. Zamu ya mama mkwe ilipofika, alikirudisha kifuniko.

"Mimi nimefunga. Leo si Alhamisi?"

"Mama, asubuhi umekunywa chai. Na mkate. Mimi ndiye niliyekumiminia," alisema mshonaji.

"Nilisahau."

"Vikombe viwili?"

"Nilisahau mara mbili. Na aliyekula kwa kusahau, saumu yake iko palepale. Kunywa wewe, mwanangu. Ukikauka wewe, umemkausha na huyo."

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu ajali. 

Adhuhuri walipiga viganja kwenye udongo safi, wakapaka nyuso na mikono badala ya udhu wa maji, wakaswali. Mama mkwe alibaki ameinua mikono muda mrefu. Mshonaji aliinua yake, akaishusha mapajani.

Miaka saba alikuwa ameomba mtoto. Msala wake ulichakaa pale magoti yanapokaa, mpaka akautia kiraka. Kibonge akaja, wateja wakaja, bomba la maji likaingia mpaka jikoni, na swala zikawa za kukimbizana na cherehani. Msala wenyewe ulikuwa chini ya majora ya vitambaa. Alijiona kama jirani asiyebisha hodi ila chumvi ikimwishia.

"Huombi?" mama mkwe aliuliza.

"Naona haya, mama. Tumefundishwa tumjue Mungu wakati wa raha, atujue wakati wa dhiki. Mimi raha yangu niliimalizia kwenye kushona nguo."

Mama mkwe alimfuta mtoto vumbi shingoni kwa ncha ya mtandio. "Kibonge akikulilia njaa, huwa unamwuliza jana alikuwa wapi?"

"Hapana."

"Haya."

Alasiri Kibonge alivuta ziwa, akaliachia, akalia. Alivuta tena. Maziwa yalikuwa yanakata. Chupa zilikuwa zimebaki na mafunda mawili.

"Naifuata barabara," alisema mshonaji.

"Watu hukaa na gari," fundi alisema.

"Hukaa na gari linaloonekana, Baba Kibonge. Sisi tumo korongoni."

"Na barabara iko wapi? Mimi kichwa kimenizunguka, sijui hata mbele ni wapi."

Mama mkwe alisimama, akavua kandambili kama anayeanza swala. "Alfajiri ulisimamisha gari tukaswali. Tulivuka tuta, upande wa kulia, barabara ikabaki mgongoni kwetu. Kulipopambazuka, mwanga ulitokea bega langu la kulia. Ulipokimbia vumbi, ulikata wapi?"

"Kulia."

"Upande uleule." Aligeuka mpaka jua la alasiri likamkaa bega la kushoto. "Qibla huku. Barabara iko mgongoni kwangu."

Fundi alimtazama mama yake. Alfajiri ile alikuwa amenung'unika kwamba wanachelewa, wangeswali wakifika.

Mshonaji alifungua begi la kazi, akatoa koni ya uzi mwekundu wa sare, wenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Ncha akaifunga kwenye kioo cha pembeni cha gari. Mama mkwe aliushika uzi, akauzungusha kidoleni. Mtoto akafungwa mgongoni, mafunda mawili yakatiwa mkobani.

Alitembea jua likiwa bega lake la kulia. Uzi ulitoka kwenye koni kwa mlio mdogo, kama wa cherehani ya mbali. Miiba ilimchana miguu. Mara mbili alisimama kunyonyesha, mara mbili mtoto alilala bila kushiba. Akanywa funda la kwanza, kisha la pili, ili maziwa yasikauke kabisa. Halafu koni ikawa nyepesi, na uzi ukaisha.

Mbele hapakuwa na kitu. Kurudi kulikuwa kurudi kwenye chupa tupu.

Alipiga magoti kwenye changarawe, kiwiliwili cha mtoto kikimpasha joto mgongoni. Alitaka kusema, "Niokolee huyu." Kilichomtoka ni kingine. "Alhamdulillahi kwa huyu," alisema. "Sikurudi kukushukuru. Ni wako, hata sasa." Akalia bila machozi, maana mwili haukuwa na ya kutoa.

Kisha alivua mtandio, akaufunga kwenye kichaka pamoja na ncha ya uzi, akaendelea mikono mitupu. Alihesabu hatua mia tatu na kumi. Ya mia tatu na kumi na moja ilikanyaga tuta.

Lori la saruji lilipita jua linagusa ardhi. Dereva alishuka na dumu lake mkononi.

"Dada! Umetokea wapi huku?"

"Kwenye uzi," alisema, akanywa, akanyonyesha.

Waliufuata pole pole kwa taa za lori, mshonaji akiuonyesha kwa kidole. Walipolifikia gari, mama mkwe alikuwa bado na uzi kidoleni, kidole kimekuwa chekundu.

"Wakati umeingia, mama. Futuru," alisema mshonaji, akimpa kikombe cha maji.

"Saumu ya kusahau mara mbili?" fundi aliuliza, sauti imekauka.

"Nyamaza, wewe mwenye dumu mlangoni," alisema mama yake, akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

Wiki tatu baadaye, kisima kimeshatoa maji na wao wamesharudi nyumbani, mshonaji aliondoa majora, akautoa msala wenye kiraka. Ilikuwa mchana wa kawaida. Bomba lilikuwa linajaza ndoo, Kibonge amelala ameshiba, fundi anachechemea uani akipiga mluzi.

Mama mkwe alichungulia mlangoni. "Kuna nini, mwanangu? Unaomba nini?"

"Hakuna kitu, mama," alisema, akiutandika vizuri. "Leo nimekuja kusalimia tu."