Chai ya Fundi wa Televisheni

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Rimoti huketi mbele ya televisheni kwa heshima zote, kama mgeni rasmi aliyekosa kiti tu. Jina hilo binti huyu alipewa na kaka yake, kwa sababu kidude cha kubadilishia stesheni hakimtoki mkononi. Kufikia umri wa miaka kumi na miwili alikwisha kujifunza kufuga nyuki, kurusha ndege na kuzalisha ng'ombe. Bahati nzuri, nyuki, abiria na ng'ombe walikuwa bado hawajapata habari.

Jumamosi moja asubuhi mama yake, ambaye ni mshonaji, alimaliza majoho ya kwaya ya shule. Kwaya ilikuwa inapanda jukwaani asubuhi hiyo hiyo, na mwalimu alikwisha kuonya: majoho yakichelewa, kazi zote za shule zitahamia kwa fundi mwingine. Mama akafunga furushi kwenye baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala.

"Pancha! Leo hii!" alisema. "Mwanangu, kimbia ukamwite fundi baiskeli."

"Fundi wa nini, mama? Juzi nimeona kipindi kizima. Ni rahisi kama kumenya ndizi."

"Mama, usikubali," kaka yake alidakia. "Huyu hata penseli huchongewa."

Lakini fundi alikuwa mbali. Mama akakubali.

Rimoti alitoa tyubu, akatafuta tundu kwenye beseni la maji, akaikausha na kuikwaruza kwa msasa. Akapaka gundi, na papo hapo akabandika kiraka, gundi ikiwa bado inang'aa. Kisha akautabasamia ukuta, kama yule fundi wa televisheni alivyoitabasamia kamera. "Na hapo kazi imekwisha!"

Kazi ilikwisha kwenye kona ya duka la nyama. Mama alirudi akikokota baiskeli, jasho linamchuruzika, furushi begani. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Rimoti zaidi.

"Fungua," mama alisema. Kiraka kilikuwa kimeteleza pembeni, kama kofia ya mtu anayesinzia.

"Nilifanya vile vile alivyofanya!" Rimoti alilia.

Bibi alitokeza mlangoni. Wakati wa vipindi yeye hufumba macho kwenye kochi, na wote huamini amelala.

"Vile vile? Mke mwenzangu, chai yake uliiona?"

"Chai gani, bibi?"

"Alipopaka gundi, kikombe chake kilikuwa kinafuka mvuke. Alipobandika kiraka, kikombe kitupu. Mtu hamalizi chai ya moto kwa kufumba na kufumbua, labda awe na koo la bati."

Rimoti aliigusa gundi mbichi kwa kidole. "Kumbe alisubiri gundi ikauke! Wakaikata sehemu hiyo, wasituonyeshe."

Akakwangua gundi ya kwanza, akapaka nyingine, akaikalia mikono yake isije ikamponza. Kaka yake, kwa huruma, alimwimbia tangazo la sabuni ili asikose chochote. Gundi ilipoacha kung'aa, Rimoti akabandika kiraka na kukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Wakajaza upepo. Safari hii gurudumu lilitulia, na mama akaondoka mbio.

Aliporudi hakuwa na furushi. Kwaya ilivalia majoho nyuma ya jukwaa, kwaya iliyotangulia ikiwa kwenye wimbo wa mwisho. Mwalimu alinuna, lakini kazi hakuihamisha.

"Sasa televisheni tuizime?" kaka aliuliza.

"Tuizime kwa nini? Tundu alilipata, na iliyomfundisha ni hiyo hiyo." Mama akamgeukia Rimoti. "Televisheni inafundisha, mwanangu, lakini inaruka sehemu inayochosha, na mara nyingi kazi yenyewe ndiyo hiyo. Jiulize wamekata nini. Halafu ujaribu kwanza kwenye kitu ambacho hakuna anayekisubiri."

Rimoti alitafakari kwa unyenyekevu mkubwa.

"Kesho kuna kipindi cha kunyoa nywele," alisema. "Kaka, kichwa chako kuna anayekisubiri?"

Kaka yake alikwisha kufika barabarani.