Kiti cha Somo la Salamu

"Mimi naitwa Linnea. Wewe unaitwa nani?" mtoto alikiuliza kiti kitupu pale jikoni, kisha akasubiri. Akaitikia kwa kichwa. Akacheka, cheko la mtu aliyejibiwa.

Marlys, mama yake, povu la sabuni likimchuruzika mikononi, akajipa moyo. Si yeye aliyelianzisha somo lenyewe? Alimtoa binti yake shuleni baada ya wenzake kumfungia chooni mpaka akajikojolea, akaapa atamsomesha mwenyewe hapo nyumbani, kwenye shamba lao huko Dakota, Marekani, ambako jirani wa karibu yuko maili nne. Hesabu ilikwenda vizuri. Watu ndio walikuwa tabu. Siku moja kule maktaba mama mmoja akamtania, "Huyo wako anaongea na binadamu kweli, au na kuku tu?" Marlys alicheka na wenzake, akaenda kulia garini. Kesho yake akavuta kiti cha tatu mezani: haya, kisalimie, kiulize, kingoje zamu yake.

Basi jini akaichukua zamu hiyo ya kiti.

Wiki ya tatu kiti kikaanza kunuka udongo wa shimo la viazi. Wiki ya nne Linnea akagoma kwenda maktaba.

"Rafiki yangu hataki watoto wengine, Mama."

"Rafiki gani tena?"

"Si huyo uliyeniletea! Sema polepole, anasikia. Anasema nikimaliza vitabu vyote nitaenda kwao. Chini."

Marlys akampigia simu mumewe, Dwight, aliyekuwa njiani Wyoming na lori lake. "Anacheza tu, mke wangu. Hebu pumzika," akasema, akakata.

Apumzike wapi, jamani? Mchana ule ule akakikokota kiti hadi kwenye pipa la kuchomea taka, akakimwagia mafuta, na moto ulipokolea, yeye na mwanawe wakiwa wamesimama pale kwenye theluji mikono imeshikana, wakasikia kutoka jikoni, ambako hapakuwa na mtu, miguu ya kiti ikiburutwa taratibu, kwa adabu, kama ya kiti kinachovutwa na mtu anayetaka kukaa, kisha kurasa za kitabu zikifunuliwa moja baada ya nyingine, bila haraka.

Marlys akapiga magoti. "Unarudi shule, mwanangu. Nisamehe."

"Sasa yeye atasoma na nani?" Linnea akanong'ona.

Jumatatu, kwenye geti la shule, msichana mwenye pengo alimshika Linnea mkono. Linnea akamsalimia, akamuuliza jina, akangoja. Akajibiwa! Marlys alilia kwa furaha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Saa tano asubuhi akafungua mlango wa jikoni. Ile harufu ya udongo ikampokea. Kiti cha tatu kilikuwa mezani, cheusi kwa masizi, na mbele yake daftari limefunuliwa, penseli imechongwa.

"Hujambo," ikasema sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Leo tunasoma nini, Mwalimu?"

Kisha ikangoja zamu yake.

Mlango ukajifunga nyuma ya Marlys. Akamkumbuka Linnea, ambaye basi la shule lingemshusha hapo saa tisa na nusu, ameshiba michezo, anakimbilia jikoni. Lazima huyu wa kitini awe na wa kumsomesha, asije akamtaka Linnea tena.

Akavuta kiti chake, akaketi.

"Fungua ukurasa wa kwanza," akasema.