Vichungafizi vya Bi Kidawa

Kioo cha ukutani kilionyesha fizi za Bi Kidawa zimekuzwa mara elfu, na vichungafizi vikiwa kazini. Ni vijimashine vidogo kuliko chembe ya unga. Viliishi kati ya jino na fizi, vikila ukoga pamoja na bakteria wanaojificha humo, wale wanaovimbisha fizi, wakaitoa damu, na mwisho wakaling'oa jino zima. Palipotoka damu ndipo vilipokimbilia.

"Mwanangu, nakula mahindi ya kuchoma kama kigoli!" Bi Kidawa alimwambia binti yake, Mhandisi Mwanasiti, aliyevibuni.

Tanga nzima ilikuwa navyo. Watoto tu ndio waliokatazwa. Mwanasiti aliliandika katazo hilo kwa herufi kubwa, akaona kamaliza. Kumbe wapi!

Jumanne asubuhi mwanawe Nuhu, wa miezi saba, aliamka analia, udenda wake mwekundu. Jino la kwanza lilikuwa linachomoza. Mwanasiti alimmulika kinywani kwa kikuzio. Vichungafizi maelfu vimelizunguka jino lile changa, vinachimba. Fizi imevimba, damu inatoka. Kwavyo, huo ulikuwa ugonjwa.

"Mama! Umempa nini mtoto?"

"Nimpe nini mie? Samaki tu. Nimemtafunia kidogo nikamtia kinywani, kama nilivyokulisha wewe."

Mwanasiti akaelewa: vilihamia kwa mate ya bibi. Miaka tisa ya majaribio, wataalamu chungu nzima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba bibi humtafunia mjukuu!

Alituma amri ya kuvizima kinywani mwa Nuhu. Havikutii. Vilijua namba moja tu, ya kinywa cha Bi Kidawa, na kuizima hiyo ni kuvizima vyote.

"Basi zima vyangu vyote," mama yake alisema.

"Ugonjwa utarudi, mama. Meno yatakwenda."

"Na yaende! Zima, we mtoto!"

Kufikia adhuhuri vilikuwa vimekufa. Jino la Nuhu likadondoka kiganjani mwa mama yake, likaacha shimo. Simu nayo haikunyamaza. Wa kwanza alikuwa jirani: mwanawe ana miezi minane, anatoka damu, naye bibi yake anaishi naye.

Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kajifunika kinywa kwa leso. Nuhu akamtambalia, akamnyooshea mikono na kuachama, kama afanyavyo kila akiwa na njaa.

Bibi akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.