Kifuko cha Biblia

Soko la Nkwenda siku ya gulio halina adabu. Unakanyagwa, na aliyekukanyaga anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeweka mguu pabaya. Pikipiki zinapenya katikati ya mafungu ya nyanya, wanunuzi wa maharage wanapayuka, na vumbi jekundu linatua hadi kwenye kope za watu. Siku hiyo Mahoro alikuwa amekaa nyuma ya parachichi zake, kajifunga kitenge cha kijani chenye maua ya njano na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi asubuhi kwa sababu zake mwenyewe. Mara kijana mmoja akajikwaa kwenye kikapu chake, parachichi zikasambaa njiani.

"Mawe, mama yangu! Mtumishi, hata kama unawaza mbinguni, si utazame na chini?"

Alimwita mtumishi kwa sababu alimwona ameshika kifuko cheusi cha Biblia, kile cha zipu chenye msalaba mbele. Mengine yote yalilingana na hilo: shati la kijivu lililofungwa hadi kifungo cha juu, suruali ya kitambaa, viatu vilivyochoka kwa kutembea.

"Samahani sana, dada. Naziokota zote."

"Okota. Halafu uniombee, maana leo biashara imelala."

"Mimi si... siombei watu mimi."

"Mtumishi gani hajui kuomba? Basi tusomee hata mstari mmoja!"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Kijana akachuchumaa karibu na Mahoro, akatazama kulia na kushoto, akavuta zipu kidogo. Hapakuwa na Mathayo wala Marko mle ndani. Palikuwa na kamera ndogo, nyeusi, jina lake limezibwa kwa utepe mweusi, na lenzi yake imechungulia kwenye tundu lililokatwa pembeni mwa kifuko.

"Usiniumbue," akanong'ona.

"Wee! Kumbe tapeli mtakatifu!"

Mahoro alicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akamwita Mchungaji, na Mchungaji akawa hapiti Nkwenda bila kununua parachichi ambazo hakuwa na hamu nazo.

Jina lake hasa ni Aristides, mtoto wa Bukoba. Alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na barabara ya mpakani, akawa anapiga picha za watu wa mitaani jinsi walivyo. Alimweleza Mahoro kazi yake huku wakila mishikaki, naye Mahoro akamchokoza kila neno.

"Wapiga picha wa harusi wana mabegi makubwa kama wanahama. Wewe una nini?"

"Begi kubwa linafika kabla ya mwenyewe. Ukilitoa tu, mama anayepepeta maharage anaacha kupepeta, ananyoosha kilemba, anakaa kama yuko kwenye kitambulisho. Mimi nabeba kamera moja, lenzi moja. Betri ya akiba mfukoni. Basi. Natembea mwepesi, hakuna anayenitazama mara ya pili."

"Mimi nilikutazama mara ya pili."

"Wewe una matatizo yako."

"Na kumpiga mtu picha hajui, si wizi huo?"

Hapo Aristides aliacha kucheka. "Nikishapiga namfuata, namwonyesha. Asiyetaka, nafuta palepale mbele yake. Hiyo siichezei, mama mchungaji."

Jina hilo jipya lilimwingia Mahoro kifuani, akajifanya hakulisikia.

Mapenzi yakakolea. Simu asubuhi, simu mchana, simu ya kuuliza kama ile ya mchana ilimfurahisha. Aristides akagundua kwamba mwanamke mwenye kikapu cha parachichi haonekani kabisa sokoni, hata mwenye kifuko cha Biblia hamfikii. Basi Mahoro akawa anabeba kamera kikapuni, kipande cha kitenge juu, lenzi ikichungulia kati ya ukili na ukili. Alijifunza haraka. Alikuwa anaongea na mtu usoni huku kidole chake kiko chini kinabonyeza.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mzee Hagenimana, baba yake Mahoro, alikuwa mkulima wa kahawa kule Kibingo. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda kabla yeye hajazaliwa. Mwaka ule wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji alilala migombani mvua ikimnyeshea, mpaka mambo yalipotulia na karatasi zake kuonekana ziko sawa. Karatasi zilikuwa sawa, lakini mzee hakurudi kuwa sawa. Gari geni likipita, alihama kibarazani akaenda nyuma ya nyumba. Na picha hakukubali kupigwa. Harusi ya binti yake mkubwa alisimama nyuma ya nguzo ya turubai tangu mwanzo hadi mwisho.

Mzee huyohuyo alimpenda Aristides. Aliona kifuko, akaona msalaba, akamkaribisha chakula na kumwomba abariki meza. Aristides akabariki kwa kigugumizi, jasho linamtoka, na Mahoro akauma midomo asicheke.

"Kijana mnyenyekevu," mzee akasema baadaye. "Hana mbwembwe za hawa wahubiri wa vipaza sauti."

Wakakubaliana kwamba siku ya posa baba mdogo wa Aristides ndiye atakayemweleza mzee kazi hasa ya kijana. Ah, wapenzi na mipango yao!

Wiki moja kabla ya posa, Aristides alikwenda Bukoba kuwaandaa ndugu zake, akamwachia Mahoro kamera ajizoeze. Mchana huo Mahoro alirudi kutoka sokoni, akamkuta baba yake kwenye jamvi anachambua kahawa. Akakaa mbele yake, kikapu mapajani.

"Umeuza?"

"Zote, baba. Na mteja mmoja kibogoyo kataka kunioa. Anasema parachichi ndicho chakula pekee anachokimudu, kwa hiyo mimi ni riziki yake."

Mzee Hagenimana alicheka. Alicheka uso mzima, kofia imerudi nyuma, kahawa nyekundu imejaa viganjani. Mahoro alikuwa hajamwona hivyo tangu utoto wake, na kidole chake kikabonyeza chenyewe. Alitaka kumwonyesha. Kweli alitaka. Lakini alijua jibu, na hakutaka kuifuta.

Aristides aliporudi na kuichukua kamera yake, simu ililia kabla Mahoro hajamaliza kufagia uwanja.

"Mama mchungaji, hii picha ya mzee! Mimi natembea miaka, sijawahi kupata picha kama hii."

"Usinidanganye."

"Nakudanganya ili nipate nini? Kuna watu Dar wanachagua picha za maonyesho. Ningetaka kuituma, na kuiweka kwenye ukurasa wangu. Ulimwonyesha lakini?"

Mahoro alisimama na ufagio mkononi. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe. Na nani Kibingo anatazama kurasa za watu wa Dar?

"Nilimwonyesha. Kacheka tu. Iweke."

"Naandika jina lako."

"La! Andika lako, mpenzi. Mimi niache na parachichi zangu."

Siku ya posa ilifika. Mzee Placidius, baba mdogo wa Aristides, alikuja pamoja naye, kavaa koti lake la sherehe, kabeba mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, umezibwa kwa majani. Salamu zikapokelewa, wazee wakakaa. Mahoro alitoka na gauni la bluu na hereni za kuazima, akapiga magoti kusalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Waitu, ndugu zangu, huyu hatutamwacha hapa!"

Watu wakacheka. Hapo ndipo Nolasco, jirani anayenunua kahawa, alipoingia na simu yake, furaha imemjaa, hana baya moyoni.

"Mzee Hagenimana! Umekuwa maarufu! Tazama, watu maelfu wamekutazama!"

Simu ikapita mkono hadi mkono. Picha ile, kicheko kile, na chini yake jina la Aristides na mahali: Kibingo. Chini zaidi watu wameandika yao. Wengi walisifu. Mmoja aliuliza, mzee huyu ni wa upande upi wa mpaka?

Mzee Hagenimana aliitazama picha muda mrefu.

"Nani alinipiga hii?"

Kuku walikuwa wanaparua nje, ikasikika.

"Kijana, kifungue hicho kitabu chako."

Aristides akavuta zipu ya kifuko kilichokuwa mapajani mwake. Kamera ikaonekana, na akina mama jikoni wakaguna.

"Nimekuita mwanangu. Nimekupa meza yangu uibariki."

Aristides akageuka kumtazama Mahoro. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kwa macho, na katika kuuliza akapata jibu: mzee huyu hakuonyeshwa picha yoyote. Mahoro alitazama vidole vya miguu yake. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Na hakusema.

"Ni mimi, mzee," Aristides akasema. "Sikukuomba ruhusa. Nisamehe."

"Nyanyueni rubisi yenu," mzee akasema taratibu.

Wakaunyanyua. Mtungi ulirudi barabarani haujafunguliwa, Mzee Placidius akitembea mbele kwa aibu, kwa maana hakuna linalochekwa Uhayani kama posa iliyorudishwa pamoja na mtungi wake.

Simu ya Aristides ilikuja siku hiyohiyo.

"Kwa nini uliniambia kacheka tu?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilijisikia... nilitaka ionekane."

"Nimekusamehe. Nilijitwika kwa sababu nilikuona unatetemeka. Sasa mwambie. Neno moja tu, Mahoro. Picha nimeshaifuta."

"Umeiona hali yake? Anaondoka kibarazani hata pikipiki ikipita. Akijua ni mimi atakufa. Ngoja tumalize kuvuna kahawa."

Kahawa ikavunwa yote. Akasema ngoja Krismasi ipite. Krismasi ikapita, akasema mzee anaumwa mgongo. Aristides alipiga kila siku, kisha kila wiki, kisha akawa anangoja apigiwe. Mahoro naye akauza parachichi, akanenepa kwa huzuni, akajidanganya kwamba mwanaume anayempenda atangoja. Uoga una maneno matamu sana, jamani, nao huwa unajiita huruma.

Jumatatu moja simu ililia sokoni.

"Mahoro."

Hakumwita mama mchungaji. Mahoro akainuka, akaenda nyuma ya vibanda.

"Mchungaji wangu, nimekukumbuka! Sikiliza, mwezi huu namwambia, nakuapia..."

"Jana tumetangazwa kanisani. Mimi na Evelyn, nesi mmoja wa Muleba. Nimeona usisikie kwa watu."

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Aristides! Nilikuomba uningoje!"

"Nilikungoja. Nilisema ni mimi ili upate nafasi ya kuvuta pumzi. Sikujua utahamia humo."

"Unampenda?"

"Akiwa na neno, analisema. Nimepumzika, Mahoro. Ubaki salama."

Mahoro hakurudi kwenye meza yake. Alipanda pikipiki hadi Kibingo, kitenge kinapepea, machozi yamechanganyika na vumbi. Baba yake alikuwa kwenye jamvi, anachambua kahawa. Hakumsalimia.

"Baba, ile picha nilikupiga mimi."

Mzee aliendelea kuchambua. "Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ileile, simu ikiwa mkononi mwangu. Uso ule simpi mgeni. Pale namtazama mtu aliye juu kidogo ya kamera, nacheka habari za kibogoyo. Nani mwingine alikuwa mbele yangu?"

Mahoro akakaa chini kwenye udongo.

"Basi kwa nini ulimfukuza?"

"Niliwaambia wanyanyue rubisi. Nikasema, binti yangu hataacha mtungi ufike barabarani. Ukafika. Nikasema atanijia jioni." Mzee aliweka punje chini. "Niliogopa, ndiyo. Lakini kijana anayebeba kosa la mtoto wangu mbele ya wazee wake, ningemkataa kwa lipi? Nilikuwa nangoja useme, nimwite."

"Ungeniuliza, baba! Hata mara moja!"

"Nikikuuliza ukasema, umesema kwa sababu nimekuuliza. Nisingejua nimemwoza nani." Kisha uso wake ukalegea, akapangusa mikono kwenye suruali kama mtu aliyemaliza kazi nzito. "Lakini umesema. Imechelewa, lakini umesema. Mpigie sasa. Mwambie yeye na baba yake mdogo waje Jumapili, wasilete kitu. Rubisi tutapika sisi."

Mahoro alishindwa kumtazama.

"Ametangazwa kanisani, baba. Na msichana mwingine. Jana."

Mzee Hagenimana alikaa na mikono yake magotini. Pikipiki ilipita barabarani, naye hakuondoka mahali pake.

"Jana," akasema. "Ungesema hata juzi."