Nukta Ndani ya Ua Wangu

"Pete yako hiyo mezani. Ichukue uende zako."

"Nitaichukua, Jagoda. Cheza mchezo mmoja kwanza."

Ziemowit akaweka kompyuta kando ya sahani yangu ya pierogi, sambusa za kuchemsha. Mchumba ana uso mkavu huyu! Wiki tatu nilikuwa nikimtumia ujumbe uleule: "Umepeleka wapi madaftari ya marehemu baba?" Naye hujibu: "Yapo salama. Nivumilie."

Yalikuwa arobaini na moja, ya miraba. Kila ukurasa mchezo wa nukta, baba wino wa bluu, mimi mwekundu, tangu nina miaka sita. Ziemowit alipewa ufunguo asafishe stoo, madaftari yakatoweka. Nikajua ameyatupa na karatasi chakavu.

"Sasa unanibembeleza kwa mchezo wa kompyuta?"

"Wewe nyekundu. Anza."

Sheria ni ileile: ukizizunguka nukta za mwenzio kwa zako, umezila; akiingia ua uliouzungushia, analiwa. Nikaweka yangu kwa hasira. Bluu ikajibu mbali kabisa, pembeni. Baba alikuwa akianza hivyo hivyo.

"Nani anacheza huko?"

"Kompyuta. Nimeifundisha kwa madaftari yote, nukta kwa nukta. Wino unafifia, Jagoda. Nilitaka iwe zawadi ya harusi."

"Mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

"Niliogopa. Bado ina kasoro moja, imenishinda."

"Ipi?"

"Utaiona."

Bluu ikanibana kila upande. Nikabaki na ua mmoja mtupu niliouzungushia nukta zangu. Machozi yakanilenga, kama nilipokuwa mtoto. Ingeweza kunimaliza. Badala yake ikaingia katikati ya ua wangu, ikaliwa papo hapo. Ikaingia tena. Na tena, mpaka nikashinda.

"Ndiyo hiyo," Ziemowit akasema kwa aibu. "Ikikaribia kushinda inajitupa. Hakuna mchezaji anayeingia ua wa mwenzake. Nitaifuta."

"Ukiifuta sitakusamehe."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa akisema, 'Lo, binti yangu, macho yangu haya, sikuuona ua wako.' Miaka ishirini, Ziemowit, nilidhani namshinda."

Akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi.

"Kumbe alikuwa anakuachia."

"Kila nilipokaribia kulia."

Tuliitazama ile bluu kama watu walioingia kanisani. Yeye aliiandika, na hakujua ameandika nini. Nikaokota pete nikaivaa mwenyewe.

"Siku nyingine uniambie," nikasema.

"Nitakuambia hata nikinunua vitunguu."

Jumamosi ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, mama alitubariki sebuleni kwa maji ya baraka. Kwenye kiti cha baba tuliweka kompyuta. Nikiwa na shela kichwani nikacheza, na safari hii nilimbana baba kweli. Akabaki na ua mmoja mdogo, mtupu.

Mama akanishika bega. "Mmalize basi, gari linasubiri."

Nikaingia ndani ya ua wake. Nikaingia tena, mpaka akashinda.

"Lo, baba," nikasema, "macho yangu haya."